Esau Hayumo Kwenye Kalenda

Shuleni, Jumapili, 8 Juni

Shangazi mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua utajibu kwa sauti hata kama uko peke yako na cherehani, kwa hiyo nasubiri kidogo hapa kabla sijaendelea.

Haya. Mimi sijambo, isipokuwa mafua ambayo bweni zima tumegawana bila ubaguzi. Nyumbani hawajambo. Mdogo wangu ameng'oka jino la mbele na sasa kila akisema "sitaki" anapiga mluzi. Baba yupo, anatengeneza majokofu ya watu. Sebule imejaa. Mama anasema siku hizi akitaka kwenda jikoni anaomba njia.

Nina mambo mawili. La kwanza nimeliandika mara nne kwenye daftari la hesabu na kulifuta. Jumapili ya tarehe 24 Agosti Askofu anakuja kutupa Kipaimara, wanafunzi thelathini na wawili, na kila mmoja anatakiwa kuwa na msimamizi. Naomba uwe wewe. Si kazi kubwa. Unasimama nyuma yangu, unaniwekea mkono begani, basi. Nikifikiria watu wanaoweza kusimama nyuma yangu bila mimi kutamani kukimbia, orodha ina mtu mmoja.

La pili ni jepesi. Ulisema Padre anafika kigangoni kwenu mara moja kwa mwezi, na kalenda ya liturujia ya katekista imeliwa na mchwa kuanzia Pasaka kwenda mbele. Mimi napanga vitabu sakristia, kalenda iko mbele ya macho yangu kila siku. (Nilipewa kazi ya kuvipanga kwa sababu nilishindwa kuvisoma. Jumatano ya Majivu walinisimamisha kwenye mimbari, nikasema "Somo katika kitabu cha", halafu sauti ikaisha. Nabii Yoeli bado ananisubiri.) Basi nitakunakilia masomo ya kila siku. Wewe utayasoma kwenye Biblia yako ya maandishi makubwa, mimi nitayasoma hapa, na kila siku kila mmoja wetu atatafuta tendo moja la upendo linalotokana na somo. Tendo la mikono, siyo la moyoni tu. Sista Mlezi anasema upendo wa moyoni tu ni kama sare iliyokatwa ikaachwa bila kushonwa. Nikakukumbuka.

Orodha ya Juni iko ndani ya bahasha hii.

Wako,
Konokono


Nyumbani, Jumamosi, 21 Juni

Konokono wangu,

Milele, amina. Nimejibu kwa sauti, na mteja niliyekuwa nampima kiuno akajibu pia, kipimo kikaharibika.

Huku wazima. Mguu wangu wa cherehani unauma kidogo ukinyesha. Jirani yangu muuza mkaa amenunua jogoo asiyejua saa. Hizo ndizo habari zote.

Kuhusu Kipaimara, nimefurahi mpaka nikajichoma sindano. Nitakuja, na gauni jeupe nitakushonea mimi. Nitumie vipimo, na usipimwe na rafiki anayecheka, atakupunguzia inchi mbili.

Lakini nina sharti, na wewe sasa ni mkubwa, nikuambie wazi. Fundi Majokofu asinikaribie. Akae mbele, mimi nitakaa nyuma. Asinipe mkono wakati wa kutakiana amani. Watu husema nina ugomvi na kaka yangu. Sina. Ugomvi ni wa watu wanaoongea. Sisi hatuongei tangu tulipomzika mama yetu. Yaani tangu alipomzika yeye, maana mimi sikuwepo. Nilikuwa njiani na gauni ambalo bibi yako alilichagulia kitambaa mwenyewe, akiwa hai, akaniambia, "Hili ndilo utakalonivalisha." Gari lilipasuka gurudumu, halafu la akiba nalo likapasuka. Nilipofika watu walikuwa wananawa mikono. Masaa matatu, Konokono. Alishindwa kunisubiri masaa matatu. Miaka mitano sasa gauni liko sandukuni, halijavaliwa na mtu.

Tuyaache. Matendo ya upendo. Tarehe 16, Bwana anasema anayetaka kanzu yako umwachie na joho pia. Hilo somo halina huruma na sisi mafundi. Siku hiyo hiyo mwalimu wa kwaya akaja kulalamika kwamba kanzu yake ni fupi. Kwenye daftari langu kuna vipimo vyake na sahihi yake. Nilikuwa nimeshalifungua. Nikakumbuka somo, nikalifunga, nikamshonea nyingine, akaondoka nazo zote mbili. Jumatano akaja mmoja wa sauti ya nne: na yeye, fupi. Ijumaa ikaja sauti ya nne yote. Bwana wetu aliwalisha watu elfu tano, lakini hakuwahi kuishonea kwaya.

Endelea kunitumia. Nimeanza kuyapenda.

Shangazi yako


Shuleni, Jumapili, 29 Juni

Shangazi mpendwa,

Barua yako imefika Ijumaa. Nimeisomea kwenye stoo ya mifagio kwa sababu ndiko peke yake ambako mtu hakuulizi unasoma nini.

Hapa tuko salama. Mafua yameisha. Nyumbani sijasikia kitu, siku ya wazazi kutembelea ni mwezi ujao.

Umesema masaa matatu. Nimelisoma hilo. Vipimo vyangu ni hivi: bega kumi na tano, kifua thelathini na mbili, kiuno ishirini na sita, urefu kutoka bega mpaka chini ya goti arobaini na moja. Nimejipima mwenyewe, kwa hiyo hakuna aliyecheka.

Matendo yangu ni ya aibu. Tarehe 17 tuliambiwa tuwapende adui zetu. Mimi sina adui, ninaye Redio. Redio analala kitanda cha juu yangu na anaongea kuanzia kengele ya kuamka mpaka ya kulala, na akilala anaendelea kidogo. Nikaamua kumchotea maji bila kumwambia. Nikachukua ndoo yake kimyakimya. Akaniona, akapiga kelele bwenini, "Konokono anaiba ndoo!" Nikashindwa kueleza. Ndiyo hivyo, Shangazi: maneno yote ninayo, yamepangwa vizuri kichwani, lakini yakifika mlangoni kila moja linamwambia mwenzake, tangulia wewe. Nilirudisha ndoo ikiwa tupu na nikaomba msamaha kwa kosa ambalo sikulifanya. Redio akanisamehe mbele ya watu wote. Alifurahia sana.

Nikuambie siri nyingine. Kitubio huwa nafanya kwa lugha ya darasani. Padre wa shule anaielewa, na dhambi zangu zikisemwa kwa lugha ile zinasikika kama za mtu mwingine, mtu wa kwenye kitabu cha mazoezi. Natoka nimeondolewa dhambi za huyo mtu.

Orodha ya Julai hii hapa. Kuna masomo mengi kuhusu ndugu. Usinilaumu, siyo mimi ninayeyachagua.

Wako,
Konokono


Nyumbani, Jumapili, 20 Julai

Konokono,

Salamu kwanza, mengine baadaye. Mimi mzima. Paka amezaa juu ya kitambaa cha kasula ya kijani na sikuwa na moyo wa kumhamisha, kwa hiyo Padre atavaa ile ya zamani mpaka watoto wafumbue macho. Nimeandika kama tendo la tarehe 10. Vipimo vimefika. Kiuno ishirini na sita sikiamini, nitaacha nafasi.

Sasa niulize: Kanisa limepatwa na nini mwezi huu? Tarehe 8 Esau anamkimbilia Yakobo, anamwangukia shingoni, wanalia. Na mimi nikalia, sindano mkononi, nikasema sawa. Tarehe 9, Yusufu na ndugu zake. Tarehe 10, Yusufu na ndugu zake. Tarehe 12, Yusufu na ndugu zake, tena siku hiyo wanazika! Na uangalie vizuri, mazishi yale kila mtu alikuwepo. Tarehe 14, zaburi ya ndugu wanaokaa pamoja. Tarehe 16, Yohane anasema anayemchukia ndugu yake ni mwongo. Tarehe 18, acha sadaka yako madhabahuni ukapatane na ndugu yako. Hilo la mwisho si tulikuwa nalo Juni? Nimetafuta orodha ya zamani: lipo, tarehe 12. Nikajiuliza, wakubwa wa Kanisa wamesahau, au kuna mtu amewapelekea habari zangu?

Hata hivyo ahadi ni ahadi. Tarehe 18 nilitafuta nambari ya kaka yangu. Sijawahi kuifuta, naitunza ili nijue simu ipi nisipokee. Nikapiga. Akasema, "Haloo?" Nikasikia jokofu linaunguruma nyuma yake. Akasema tena, "Haloo, nani mwenzangu?" Nikakata. Usicheke. Sikumtukana. Kwa miaka mitano hilo ndilo tendo kubwa kuliko yote, na nilipokaa tena kwenye cherehani nilifumua pindo zima.

Lakini kwa kuwa Yohane ametaja uongo, na mimi niseme. Siku ile kaka yangu alisimama mbele ya watu akasema hakuambiwa kwamba niko njiani. Nilipiga simu yake mwenyewe, nimesimama kando ya gari bovu. Ikapokelewa. Nikasema, "Mwambie anisubiri, nakuja, nina gauni la Mama." Sauti ikajibu, "Ndiyo." Sauti ndogo, kama ya mtu aliye ndani ya kabati. Nani alipokea, sijui. Simu ilikuwa yake. Basi.

Masomo yakiendelea hivi mwezi ujao nitahamia kwa Waanglikana.

Shangazi yako


Shuleni, Jumapili, 27 Julai

Shangazi mpendwa,

Pole na kitambaa, na hongera kwa paka.

Mimi sijambo sana. Tulikuwa na mitihani ya majaribio. Mama alikuja kunitembelea Jumapili iliyopita, Baba alibaki na mteja. Mama anasema juzi yake walikuwa mezani, Baba akapigiwa simu na mtu asiyesema kitu. Baba hakukata. Alikaa na simu sikioni mpaka ikakatika yenyewe, halafu akasema, "Wamekosea nambari," akainuka akaacha chakula. Nakuambia tu kama habari za nyumbani.

Kiuno ni ishirini na sita kweli.

Kuhusu hayo mengine sina la kusema leo kwa sababu kengele inakaribia kulia.

Orodha ya Agosti naiambatanisha. Ni fupi kidogo.

Wako,
Konokono


Nyumbani, Jumatano, 30 Julai

Konokono,

Sisi wazima. Salamu zimeishia hapo.

Jana ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Martha, msimamizi wa umoja wetu wa akina mama, na Padre akaja bila kutarajiwa. Nikakaa benchi la kwanza, kifua mbele, maana somo nililijua: kwenye orodha yako tarehe 29 ni Mathayo kumi na nane, samehe saba mara sabini. Nilikuwa nimelishika karibu lote kichwani. Padre akafungua kitabu: Injili ilivyoandikwa na Yohane. Nikakohoa. Akaendelea. Nikakohoa kwa nguvu, nikimaanisha Mathayo. Katekista akaniletea maji.

Baada ya Misa nikamfuata sakristia na orodha yako mkononi, nimrekebishe taratibu, kama mama kwa mwanawe. Akatoa kalenda yake kwenye mkoba. Tukaziweka mezani, moja huku, nyingine huku, tukapita mstari kwa mstari.

"Mama, Esau hayumo," akasema.

"Hayumo wapi?"

"Tarehe 8. Hiyo siku Yakobo anapigana mieleka mpaka alfajiri, halafu kesho yake tunaruka moja kwa moja kwa Yusufu. Kupatana na Esau hakusomwi."

"Padre, mimi nilimlilia Esau!"

"Basi umemlilia nje ya ratiba," akasema, akavua miwani, akacheka mpaka akashika meza. "Na aliyekuandalia orodha hii ni nani? Anaijua Biblia."

"Mtoto wa kaka yangu."

"Huyo huyo kaka?" Kigango kizima kinajua habari zangu, nimegundua.

Kwa hiyo, ya tarehe 14, 16 na 18 umeyashona mwenyewe. Yusufu peke yake ndiye wa kweli, siku zote tatu. Yaani ulikuwa na Yusufu halisi mkononi, na bado ukaongeza viraka. Kama fundi nakuambia: kitambaa kilikuwa kinatosha.

Nilirudi nyumbani na hasira, nikafungua Yohane kumi na moja nisome mwenyewe kile nilichokikohoa. Martha anamwambia Bwana: ungekuwepo, ndugu yangu asingekufa. Bwana alifika ameshachelewa siku nne, Konokono. Siku nne! Mimi masaa matatu. Somo hilo ni langu kabisa, kama limekatwa kwa vipimo vyangu. Ungelitumia hilo tu, ungenipata.

Sasa hapo ndipo nilipokwama. Uliowaongeza nimewaelewa wote. Martha ulimwondoa kwa nini?

Nimesoma sura yote tangu mwanzo, mara tatu. Mwanzoni kabisa kuna ujumbe. Dada wanatuma mtu, na ujumbe unafika kwa mwenyewe.

Mtu anaweza kuongeza somo kwa ajili ya ugomvi wa wengine. Lakini akiondoa, anaondoa linalomchoma yeye.

Sikuulizi kitu. Nakupa somo moja, na hili sijalichezea, nimelinakili kwa Padre. Fungua kalenda yako tarehe 13 Agosti, Jumatano. Halafu uniandikie. Gauni lako limesimama kwenye mkasi. Kuja nako, tutaona.

Shangazi yako


Shuleni, Jumatano, 13 Agosti

Shangazi,

Tumsifu Yesu Kristo. Leo sisubiri ujibu, nikisubiri nitaacha.

Nimefungua kalenda. Mathayo kumi na nane, mstari wa kumi na tano: nenda kwake, wewe na yeye peke yenu, mkaelezane kosa. Nimeangalia mara mbili kama kuna mtu amebadilisha.

Sauti ya kwenye kabati ilikuwa yangu.

Simu ya Baba ilikuwa inachajiwa chumbani kwa Bibi, juu ya kabati la nguo, na mimi nilikuwa nimejificha humo chumbani kwa sababu nyumba ilijaa wageni wanaotaka kunikumbatia. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Ikalia. Nikaona jina lako. Ulisema, "Mwambie anisubiri, nakuja, nina gauni la Mama." Nikasema ndiyo. Nilimaanisha ndiyo, Shangazi. Nikatoka na simu mkononi, waya wake unaburuzika nyuma.

Baba alikuwa upande wa pili, karibu na kaburi. Ili nimfikie ilibidi nipite mbele ya wanaume wote waliosimama, mbele ya kwaya, mbele ya Padre mwenye kitabu. Nilikwenda hatua nne. Mzee mmoja akaniambia, "Pisha njia, mtoto." Hakusema kwa ubaya. Nikapisha. Nikasimama kando, nikasema moyoni, wakimaliza wimbo huu nitapita. Wakamaliza, wakaanza mwingine. Nikasema, wakimaliza huu. Nyimbo zilikuwa nyingi na nilizisubiri zote. Halafu nikasikia udongo.

Ulipofika ukamwita Baba mwongo na Baba akakuita wewe mchelewaji, nilikuwa nyuma ya pazia la mlango. Nilikuwa naona viatu vyenu. Ilikuwa bado inawezekana. Pazia lile ni jepesi, ungeweza kulisogeza kwa kidole. Kwa miaka mitano nimekuwa nasema moyoni, wakimaliza huu nitapita.

Nilidhani nikikuletea Esau na zaburi na Yohane, mtapatana wenyewe, na mimi sitahitajika. Nimetumia Biblia nzima ili nisiseme sentensi moja. Padre wako asinisifu.

Yohane kumi na moja nilimwondoa kwa sababu ile uliyoisema. Ujumbe ulifika.

Baba anakuja Jumapili hii, tarehe 17. Nitamwambia kwa mdomo. Naogopa kuliko siku ya Yoeli. Kama hutakuja tarehe 24 nitaelewa, na Sista Mlezi amesema wasio na msimamizi atawasimamia yeye. Ana mkono mzito lakini hana neno.

Tendo la upendo la leo silo langu. Redio ameniona naandika huku nalia, akakaa kitandani kwake juu, na kwa saa nzima hakusema neno. Nilichungulia nione kama amezimia.

Nimeandika hii kwa lugha ya nyumbani. Dhambi hii ni yangu mwenyewe.

Konokono


Nyumbani, Jumanne, 19 Agosti

Konokono wangu,

Milele, amina. Katekista anakuja huko kwa mkutano, nimempa barua hii mkononi ili initangulie.

Barua yako ilifika Jumamosi. Siku hiyo sikushona. Nilikukasirikia, usidhani sikukukasirikia. Nilimwambia paka maneno ambayo hayafai kuandikwa. Halafu Jumapili nikaenda kusali, nikashindwa kukaa, nikarudi.

Wewe umesema ukweli wako kwa lugha ya nyumbani, na mimi niseme wangu. Sauti ile niliijua. Nimekusikia ukisema "ndiyo" tangu unajifunza kuongea, hakuna mwingine duniani anayeisema kama anaomba radhi. Niliijua pale pale kando ya gari. Nilipofika na kukuta udongo, nilikuwa na nafasi ya kuchagua: nimkasirikie mtoto wa miaka kumi na mmoja, au nimkasirikie mwanamume mwenye ndevu. Kumkasirikia mtoto ni kazi ngumu, hasira hudumu siku mbili tu. Kaka yangu alinifaa. Miaka mitano nimeshona huku namkasirikia, na mshono ulinyooka. Ungesema ukweli mbele ya watu siku ile, ningepoteza mtu wa kugombana naye, nikabaki na kifo cha Mama peke yake. Kwa hiyo pazia lile hukuwa umelishika peke yako. Mimi nililishika kwa upande wangu.

Jana nilipiga tena ile nambari. Safari hii nikasema jina langu. Akasema, "Mtoto ameniambia."

"Amekuambia vipi?" nikauliza.

"Ameangalia ukutani. Ilibidi nimwombe arudie mara mbili."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nikaenda kukagua jokofu la masista. Gesi ilikuwa imeisha." Akakohoa. "Nilirudi nikamshika kichwa."

Huyo ndiye kaka yangu. Usimtafutie zaidi ya hapo.

Sasa gauni. Nimelitoa lile la sandukuni, la bibi yako. Kitambaa ni kilekile alichokichagua kwa mkono wake, na hakijageuka rangi hata kidogo. Nimelikata. Nilidhani mkasi utagoma, haukugoma. Bibi yako alikuwa na kiuno kipana, kwa hiyo kimebaki kitambaa cha kutosha hata ukidanganya kuhusu ishirini na sita. Usiogope kulivaa. Lilisubiri safari, na hii ni safari.

Masomo ya Jumapili nimeyaangalia kwa Padre, kwa macho yangu, usinitumie orodha. Luka kumi na tatu: mlango mwembamba, na walio wa mwisho kuwa wa kwanza. Niliposoma nikamuuliza Padre kama na yeye ana mpwa anayemwandikia.

Nilimwambia kaka yangu nitapanda gari la Jumamosi asubuhi, lile lile la siku ile, na kwamba magurudumu yake nimeyaona na hayajabadilika.

Akasema, "Tutakusubiri."

Nikamwambia, "Hata Askofu akianza?"

Akasema, "Nitasimama mlangoni. Atapita wapi?"

Shangazi yako